Uyoga Kwenye Damu ya Desanka

Benchi la mbele ya kioski cha Mileva, hapo Ivanjica, mji wetu mdogo wa milimani, lina miguu mitatu na tofali moja, na mwenye msiba hukalishwa upande wa tofali. Leo amekaa Ratomir. Mkewe Desanka amelazwa Belgrade kwa saratani ya damu, na jana bintiye alipiga simu: homa imepanda, damu imepimwa, wamekuta kuvu. Sasa kwa lugha yetu sisi watu wa huku, kuvu na uyoga ni neno moja, hatuna la pili, na mchumaji wa uyoga nyumbani ni Ratomir mwenyewe. Akaleta habari kijiweni, na kikapu chake mkononi, kijiwe kikakata shauri: kikapu cha uyoga kichomwe. Mileva akakitia kwenye jiko lake la kuni, na kwa kuwa moto ulishawaka, akainjika kahawa.

— Umefanya la maana, alisema Profesa, dereva mstaafu wa lori asiyekosa jibu. Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao.

— Mimi sikuchuma janga. Nilichuma uyoga.

— Si ndio huo huo.

Ratomir akaweka kahawa yake chini bila kuionja.

— Lakini tulikula sahani moja. Mbona mimi mzima?

— Wewe umejaa rakia, alisema Jenerali, aliyekuwa mpishi jeshini. Uyoga hauoti penye pombe.

— Mbegu yake ndogo, Profesa akaendelea. Inashuka tumboni, inaingia kwenye damu, inapanda mapafuni. Pale inangoja mvua.

— Mvua gani kifuani mwa mtu?

— Chai. Waambieni wasimpe chai.

— Dawa ni siki, alisema Jenerali. Jeshini uyoga wote niliutia kwenye siki, na hakuna ulioota tena. Wamtundikie dripu ya siki, waone.

— Nyie mngekuwa madaktari, Mileva alisema kutoka dirishani, makaburi yangefika hadi hapa kwangu.

Basi la Belgrade likasimama, akashuka Jasna, binti wa Ratomir. Ratomir akainuka ghafla, benchi likainama, Profesa nusura aende chini na kikombe chake.

— Baba, mbona simu haipatikani?

— Nimeizima. Niliogopa italia.

— Homa imeshuka. Mama amekunywa supu.

Ratomir akashika ukingo wa dirisha.

— Na uyoga niliomlisha?

— Uyoga gani? Baba, ni ukungu, wa kwenye hewa, kama ule wa mkate. Wote tunauvuta. Dawa za saratani zimemmaliza kinga, ndio ukapata nafasi. Hukumlisha wewe.

— Wameuona?

— Hata kwenye picha ya mapafu haujaonekana. Wametafuta vinasaba vyake kwenye damu, wakaukuta mapema, dawa ikaanza siku ile ile. Wangengoja uonekane, tungekuwa tunaongea mengine. Safari bado ndefu, lakini ameshikwa vizuri.

— Yaani wameujua kabla haujatoa kichwa, alisema Ratomir polepole. Mimi na msitu wangu wote sijaweza hilo hata mara moja.

Akacheka, machozi yakimtoka, wala hakuyafuta. Furaha ilimjaa mpaka akaimaliza kahawa yake kwa mkupuo.

— Nilisema tangu mwanzo, alisema Profesa. Dalili ya mvua ni mawingu.

— Mvua ndiyo imemchangamsha, alisema Jasna. Amesikia imenyesha huku, anataka akipona twende wote msituni. Yuko kwenye simu, anauliza jambo moja tu. Kile kikapu cha uyoga alichoachiwa na bibi, kiko wapi?

Jenerali alitazama ndani ya kikombe chake. Mileva akafunga dirisha taratibu. Ratomir aliipokea simu, akaipangusa kwa shati, akampa Profesa.

— Mwambie wewe. Anza na ile ya mchuma janga.