Mdomo wa Pili wa Lokole

Wasikilizaji wapendwa, mmezoea niwachekeshe. Leo namkumbuka mtu aliyekuwa akinichekesha mimi. Papa Octave Lokangu, mtunzi wa muziki na mpiga lokole, ametutoka Jumatatu, nyumbani kwake mtaa wa Tshopo.

Papa Octave alizaliwa kijijini Yanonge. Baba yake alichonga lokole, ile ngoma ya gogo lililotobolewa tumbo, isiyo na ngozi. Lokole ina midomo miwili: mmoja hutoa sauti nene, mwingine nyembamba. Octave aliijua midomo hiyo kabla ya kujua kusoma. Noti alifundishwa baadaye, kwenye kwaya ya parokia, hapa Kisangani. Akaanza kutunga muziki wa violini na lokole pamoja.

Pamoja? Bon. Siku ya mazoezi ya kwanza violini zilienda huku, lokole ikaenda kule. Papa wetu akafanya nini? Akachukua patasi. Akaikwangua lokole ya baba yake ili ifuate piano, ile iliyozipa violini sauti! Ngoma ikabaki inasema kama mtu mwenye mafua.

Mzee, baba yake, alipoisikia, alimuuliza, "Octave, piano ndiyo ilikuzaa?"

Lakini alimchongea nyingine. Sharti lilikuwa moja: hii isiguswe, violini ndizo ziifuate.

Zikaifuata. Rachidi, mpiga violini, alilegeza nyuzi huku analalamika: "Tonton, violon yangu iko nalia sawa mbuzi!"

"Lia vizuri basi, mbuzi wangu," akajibu Papa Octave.

Siku ya onyesho ukumbi ulicheka. Kisha ukasimama wote. Muziki huo ulimfikisha Kinshasa, ukamfikisha hadi Ubelgiji, ambako kwenye uwanja wa ndege walimuuliza kama amebeba mtumbwi.

Kazi yake ya mwisho aliitunga kwa violini na lokole mbili. Ya pili alikuwa anamchongea binti yake, Ursule, apige naye Jumamosi hii. Akafa mdomo mmoja ukiwa tayari. Wa pili ulikuwa bado mbao nene, hausemi kitu. Na bila mdomo huo, wasikilizaji wapendwa, kazi hiyo haipigwi.

Ursule alikataa kushika patasi. Aliniambia mwenyewe pale matangani: "Nikikwangua kupita kiasi, mbao hairudi. Nitamuharibia papa kazi yake."

Mama Germaine, mjane, alikuwa kwenye mkeka, amechoka kulia. Akainua kichwa.

"Ursule, papa yako aliharibisha ya kwake. Ndani mule alipata kazi ya maisha yake yote. Donc unaogopa nini? Haribisha ya kwako!"

Watu walicheka, matangani! Ursule akakwangua kidogo, akapiga, akasikiliza. Akakwangua tena. Jana jioni mdomo wa pili ulisema, na Mama Germaine akasema, "Ndiyo yeye huyo, Octave."

Mama Germaine, Ursule, familia yote ya Lokangu, pokeeni pole zetu. Tunalia pamoja nanyi. Na wewe unayenisikiliza, kuna patasi gani nyumbani kwako unaizunguka kwa kuogopa kukosea?

Kazi hiyo itapigwa Jumamosi mchana, ukumbi wa parokia, Tshopo. Wenye nganda, baa za jirani, punguzeni sauti ya baffle zenu, tafadhali. Mimi pia nanyamaza sasa, jambo ambalo mama yangu hataamini. Ursule yuko hapa studio na lokole yake.

Piga, dada.