Damaris Nzilani Muthama, Mwimbaji wa Metal wa Kitengela

Marehemu Damaris Nzilani Muthama alizaliwa tarehe 14 Machi 1988, Loitokitok, mtoto wa pili wa marehemu Muthama Ndolo na Mama Kavutha, ambaye tuko naye hapa mbele. Baba yake alilima nyanya na vitunguu Rombo, na Nzilani alijua kufungua maji ya mfereji kabla hajajua kusoma. Sauti yake ilianza huko. Shamba lilikuwa refu, na akimwita kaka yake afunge maji, hata watu wa upande wa Tanzania walifunga yao.

Alisomea Rombo hadi darasa la nane, mwaka wa 2002, kisha akajiunga na sekondari ya bweni Kajiado, akamaliza 2006. Huko alipata rafiki, Caro, ambaye kwao ni Embulbul. Likizo moja alienda kwa kina Caro, akakuta albamu ya kikundi cha ng'ambo yenye picha ya mlima wa barafu. Alidhani ni Kilimanjaro, akaiweka kwa redio akitarajia kwaya. Aliniambia mimi, mama yake mdogo, kwamba ilikuwa kama maji ya mfereji yamefunguliwa yote mara moja. Hiyo ndiyo albamu yake ya kwanza kuipenda, na aliipenda hadi mwisho.

Mwaka wa 2009 alikuja Kitengela kuishi na mama yake mdogo Kalekye, ambaye ndiye anawasomea haya. Alishona nguo kiwandani Athi River miaka mingi, hadi akawa msimamizi wa laini. Waliokuwa chini yake wako hapa leo, na wanajua hakuwahi kumpigia mtu kelele kazini.

Sasa tumefika mahali ambapo wengine kwa kamati ya mazishi walipendekeza iandikwe tu kwamba marehemu "alipenda muziki," tuendelee na ndoa. Hawakuwa na ubaya. Lakini mwezi wa nane, akiwa hospitali, Nzilani alisema hivi:

"Mama mdogo, ni wewe utasoma. Usiseme nilikuwa naimba, kila mtu huimba. Sema metal. Na uwaeleze, usiwaache waulizane kwa chakula."

"Mimi na darasa langu la saba nitaeleza nini?"

"Sema vile umeskia kwangu."

Basi, vile nimeskia ni hivi. Gitaa hulegezwa nyuzi hadi zingurume chini kabisa. Mpiga drum hutumia miguu yote miwili. Sauti hutoka tumboni, si kooni, na mtu hujifunza kama vile mwingine hujifunza soprano. Hiyo inaitwa hardcore ni ndugu yake, yenye nyimbo fupi na hasira ya kweli. Alikuwa na albamu moja ya vijana wa Nairobi ambayo huisha yote kabla ugali haujaiva. Watu huruka na kusukumana, lakini mtu akianguka, wote husimama wamwinue. Nzilani alisema makanisa mengine hayana hiyo sheria. Nilimwambia apunguze maneno.

Kikundi chake kiliitwa Ukame, na mwanzoni alifanyia mazoezi ya sauti nyumbani kwangu. Jumamosi moja mchana, mwaka wa 2014, akina mama wa ushirika wa kanisa walisikia mngurumo, wakaja wanne na mafuta ya upako.

"Toka kwa huyu msichana!" mmoja akaanza, mlangoni.

Nzilani akafungua, na kikombe cha tangawizi mkononi. "Ni mimi, mama. Naanza tu. Ingieni, chai iko tayari."

Waliingia. Kabla ya kuondoka, mmoja alikuwa ameomba aonyeshwe hapo tumboni, na akajaribu. Watoto wa ploti walikimbia.

Mwaka wa 2015 alifunga ndoa kanisani na Kiama, mpiga drum wa Ukame. Mungu akawabariki na Waruguru na Kimani.

Albamu aliyoipenda kuliko zote ni yao wenyewe, ya ule ukame wa 2022, wakati ng'ombe walilala wamekufa kando ya barabara hadi tukazoea. Mpiga gitaa wao, Ledama, alitoka nyumba iliyopoteza boma lote la ng'ombe. Kwa wimbo mmoja Nzilani anaita ng'ombe wa baba yake Ledama kwa majina: Naibor, Narok, Mpus, hadi wote. Nilimuuliza mbona asiwaimbie polepole. Akasema, "Mama mdogo, wewe ungeliwalilia polepole?" Mzee mwenyewe alipowekewa wimbo huo, aliuskiza akiwa amesimama. Kisha akasema, "Mimi nilitaka kulia hivyo, nikaona aibu."

Aliugua figo mwaka wa 2024, kwa sababu ya presha. Wengine walisema ni zile kelele. Daktari alimpima, akasema koo lake ni zima kabisa. Alisafishwa damu kila wiki bila kunung'unika, akashiriki meza ya Bwana mara ya mwisho tarehe 31 Agosti, na akalala Jumanne, 9 Septemba 2025, akiwa na miaka thelathini na saba.

Ameacha mume wake Kiama, watoto Waruguru na Kimani, mama yake Kavutha, kaka na dada, mimi mama yake mdogo, na Ukame, ambao ndio hawa huvaa nyeusi siku zote, si leo tu.

Kaburi likishafunikwa, wimbo wa ng'ombe utapigwa kwa hii spika ya hema. Mchungaji Wakhungu aliomba apewe maneno ya wimbo kwanza, akayasoma yote na miwani, akasema, "Huyu alikuwa analia na wanaolia. Nitakaa niskize." Ni wimbo wa dakika sita. Wenye presha na wenye watoto wadogo wanaweza kutangulia kwa chakula, hakuna atakayewaona vibaya. Baba yake Ledama amesema yeye awekewe kiti karibu na spika.

Nzilani, tumesema metal. Bwana akulaze kwa amani yake, mama.