Muuguzi Ambaye Hakuwahi Kushika Sindano

Waombolezaji wenzangu, naisoma historia ya mama yetu kwa niaba ya familia, na kabla sijaanza naomba mkunje ile karatasi mliyogawiwa mlangoni, iliyoandikwa na baba mdogo pamoja na kamati yake ya wanaume saba, inayosema kwamba marehemu alikuwa muuguzi. Mama hakumchoma mtu sindano maisha yake yote. Alikuwa fundi wa lifti, na miaka thelathini na minane kazini haikutosha kumfanya hata mmoja wa hao saba aulize.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1959, mtoto wa tatu kati ya sita na binti pekee, akasoma shule ya msingi kuanzia 1967 hadi 1973, sekondari hadi 1977, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, alikohitimu Novemba 1980 akiwa wa kwanza darasani, mwanamke mmoja kati ya wanafunzi arobaini na mmoja, jambo ambalo kaka zake walilieleza kwa kusema kwamba mwalimu alimhurumia.

Tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa hospitali kuu akiwa fundi msaidizi, akastaafu tarehe 30 Machi 2019 akiwa bado fundi msaidizi, na hapo katikati aliwafundisha kazi wanaume sita waliofika hawajui kutofautisha spana na koleo, na wanne kati yao wakawa wakuu wake, mmoja baada ya mwingine. Nawaona, mmekaa safu ya pili, suti zimewakaa vizuri. Kila Siku ya Wanawake mlimsimamisha mbele, mkampigia makofi, mkahutubia kuhusu usawa wa kijinsia mpaka jasho likawatoka, kisha mkamtuma akawaandalie wageni chai, maana kumbe birika ndiyo mashine pekee iliyowashinda wote.

Tarehe 15 Desemba 1984 alifunga ndoa na baba yetu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa watoto watatu, mimi kifungua mimba na wadogo zangu wawili hawa. Baba alimpenda, hilo simnyimi, ila kila alipoulizwa kazi ya mkewe alijibu kwamba yuko hospitali, akawaacha watu wajaze wenyewe, nao wakajaza uuguzi, yote kwa kuwa baba aliona haya mkewe kurudi na grisi kwenye kucha. Juzi jikoni nilimuuliza kwa nini, akaniambia, mwanangu, watu wangenicheka.

Mama alianza kuugua figo Januari 2023, na asubuhi ya tarehe 30 Mei tulipompeleka kulazwa ghorofa ya nne ya hospitali hiyohiyo, tulikuta lifti imekwama, na fundi mkuu, mmoja wa hao wanne, anaizunguka kama kuku mwenye yai. Mama akiwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, pumzi zikimpaa, akamwambia akafute vumbi swichi ya mlango wa ghorofa ya pili. Akafuta, lifti ikapanda. Wiki iliyofuata ubao wa matangazo ulimpongeza fundi mkuu kwa umahiri wake, na mama nilipomsomea alicheka mpaka muuguzi, muuguzi wa kweli, akaja kuangalia kuna nini. Mimi sikucheka, nililia kwa hasira. Alifariki Jumatano, tarehe 21 Juni, saa tatu asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, tunamshukuru jirani yetu mshonaji aliyetuletea uji kila asubuhi bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake tunawashukuru kwa kufika, nimetafuta la kuongeza sikulipata. Kamati imewapanga ninyi wanne mbebe jeneza. Kaeni tu. Atabebwa na sisi watoto wake watatu, na pembe ya nne tumemwachia baba, akisimama hapa kwanza, mbele yenu nyote, aseme mkewe alikuwa anafanya kazi gani.

Mama, pumzika kwa amani. Baba, tunakusubiri.