Bi. Nekesa na Kisanduku cha Nne

Tarehe 30 Juni 1998, Bi. Sellah Nekesa atakabidhi funguo za ofisi ya wapiga chapa, baada ya kulitumikia Ghala la Mbegu la Mlimani kwa miaka ishirini na saba. Minne ya kwanza alikuwa tawi la Bungoma, na iliyobaki yote hapa Kitale, akija kazini kwa miguu kutoka Matisi. Amechelewa mara moja tu, na siku hiyo daraja lilikuwa limebebwa na maji.

Wiki yake ya kwanza hapa, mwaka 1975, alipewa tangazo la mlangoni alipige chapa. Kwao Myanga, l na r ni kama ndugu, huazimana nguo bila kuulizana. Basi tangazo likatoka hivi: MAHARI PA KUPOKELEA MBEGU. Mkulima mmoja kutoka Tongaren alilisoma mara mbili, kisha akauliza kwa sauti, "Ati siku hizi mahari ni magunia? Na bibi harusi yuko wapi?" Uwanja mzima ulicheka. Bi. Nekesa alicheka pia, lakini jioni ile alinunua kamusi. Tangu hapo kila neno lenye l au r alilitafuta kwanza, hata "barua" aliyokuwa ameipiga maelfu ya mara.

Mume wangu, marehemu Rotich, aliyekuwa karani wa ghala, hakumpa nafasi. Kila akileta orodha aliuliza, "Mama Naliaka, leo ni kalamu ama karamu?" Naye alimjibu, "Wewe leta kazi, bana. Maneno yako pelekea Jeruto nyumbani." Jeruto ndiye mimi. Saa ya chai walijaza pamoja fumbo la maneno la jarida la ghala letu, Bi. Nekesa akisoma maswali, Rotich ameshika penseli.

Mwaka 1993 tukaambiwa kompyuta zinakuja. Kati ya wapiga chapa watatu, Bi. Nekesa, Lenah na Chepkemei, mmoja angepelekwa mafunzo na kubaki, wawili wangeachishwa kazi. Bi. Nekesa alikuwa na miaka hamsini, na binti yake Naliaka alikuwa kidato cha pili. Bwana Kagwe, afisa wa mafunzo, alitaka mtu anayesoma kwa makini. Akatunga fumbo la maneno kuhusu mashine zenye akili, zile ambazo wataalamu wanajaribu kuzifundisha kufikiri kama watu. Atakayelijaza bila kosa ndiye angekwenda.

Swali la mwisho lilisema: "Afanye nini aliyekosea? Mashine bado haijui." Herufi tano. Maneno mengine yalikuwa yameshaleta A, K, I, kisha kisanduku kitupu, halafu I. Kwa kuwa fumbo zima lilihusu akili, Lenah aliandika L. Chepkemei aliandika L. Rotich, aliyelijaza kwa kujifurahisha tu, aliandika L na kutangaza kwamba amemaliza. Bi. Nekesa peke yake alisimamisha kalamu. Kwa miaka kumi na minane hakuwahi kuipita herufi hiyo bila kuuliza ni ipi. Alifungua kamusi, akalisoma swali tena, akaandika R. Aliyekosea akiri.

Majibu yalipobandikwa, Rotich alikwenda mezani kwake, akavua kofia, akasema mbele ya ofisi yote, "Mama Naliaka, nimekili." Bi. Nekesa alicheka hadi akafuta machozi kwa karatasi ya kaboni, akashinda na shavu jeusi. Mwaka huu wa kwanza bila Rotich, siku hiyo hunijia mara nyingi.

Alikaa mafunzoni Nairobi wiki sita. Aliporudi, kila saa ya chakula aliwaketisha Lenah na Chepkemei kwa zamu mbele ya kompyuta ile moja, akawafundisha yote aliyofundishwa. Miezi minne hakula chakula cha moto. Mwishowe Bwana Kagwe alimwandikia meneja kwamba Kitale ina watu watatu wanaojua kompyuta, na Bungoma haina hata mmoja. Lenah akapelekwa Bungoma, Chepkemei akabaki. Barua za kuwaachisha kazi hazikupigwa chapa.

Sasa Bi. Nekesa anarudi Myanga kwenye nyumba yake mpya na migomba yake. Naliaka anamaliza chuo cha ualimu mwaka huu. Lenah ameomba ruhusa ya siku mbili aje kumsindikiza, na Chepkemei amekataa katakata mtu mwingine apige chapa programu hii ya kumuaga.

Asante, Bi. Nekesa. Ulipewa nafasi moja, ukaitosheza watu watatu. Nenda ukapumzike, ule chakula kikiwa moto, na maisha yako huko yawe mema.