Daraja la Mzee Pazi

Gari la moshi lilikaribia Morogoro, milima ya Uluguru ikielea ukunguni, na Mwanaasha akawasikiliza wazee wawili waliokaa mbele yake.

"Niliingia jeshi la Mdachi kuruta, nikifunga magogo kwa kamba," alisema Pazi. "Nimestaafu fundi mkuu wa madaraja. Hilo la mbele nimelijenga mimi."

Dominiko, mkulima wa mlimani, alikumbatia kifuko chake cha unga. "Mto una wenyewe, mizimu yake, mzee mwenzangu. Anayevuka huwamwagia unga kwanza. Nyinyi mligongomea chuma tu."

"Chuma hakiombi ruhusa!"

Sauti ya amri, Mwanaasha aliwaza.

Katikati ya daraja, juu ya maji yaliyofura, gari likasimama. Pazi akachungulia chini. Kisha, kimya kimya, akamkingia Dominiko kiganja.