Mbuzi Mzima, Lenzi Mgonjwa

Ndugu zangu wa kikao hiki, salaam aleikum, na wale wa habari, habari zenu. Nianze na ujinga wangu, maana wengi wenu mnaujua na nikiuficha mtanikumbusha kwa sauti. Nilimpa mbuzi mzima ugonjwa uliokuwa kwenye lenzi yangu.

Wewe uliyekaa karibu na dirisha, usicheke bado. Hatujafika pa kucheka.

Mnanijua, mimi ni mtu wa ndani. Nilimaliza kidato cha nne, nikawa fundi wa simu mwenye meza kando ya barabara hapa mtaani Wabera, kisha nikaihamisha meza ikaingia nyumbani, kwa sababu barabarani kuna watu. Soko la mifugo la Oldonyiro nalijua kwa kusikia tu. Lakini miguu ikikaa ndani, moyo haukai. Hata sasa mnaona nahama mguu huu kwenda ule kama mtu aliyesimama juu ya mchanga wa saa saba.

Kuna wazo lililoninyima raha. Mfugaji wa Kulamawe akiona kidonda kwa mnyama, anapiga picha kwa simu na kumtumia daktari wa mifugo, na daktari anaona ukungu. Nikasema nitaunda lenzi ndogo ya kubana juu ya kamera ya simu, ionyeshe hata unywele mmoja. Ya kwanza niliitoa kwa darubini kuukuu. Kioo kilikuwa safi lakini kizito. Kibanio kiliinama kama mtu anayesinzia kwenye mahubiri, picha ikatoka upande mmoja wazi, upande wa pili uji. Nikahamia plastiki. Nilichukua kifuniko cha taa ya bodaboda iliyovunjika, nikakikata vipande vya ukubwa wa ukucha, nikavisugua kwa msasa ndani ya kijiko ili vipate mviringo, halafu nikaving'arisha kwa dawa ya meno. Nawaambia, nilimaliza vijiko vyote. Dada yangu alikuja kunitembelea akakoroga chai kwa uma.

Mwishowe kipande kimoja kikatii. Kilikuwa chepesi kama mbegu ya tikiti. Nikapiga picha mkono wangu, vinyweleo vikatokea kama msitu. Sikukaa tena. Nikakipangusa kwa pindo la shati, vile sisi sote tunavyopangusa simu, nikatoka nje kumtafuta mgonjwa.

Aliyekuwa karibu ni mbuzi wa jirani yangu, mama anayeuza maziwa. Mbuzi hakuwa na shida yoyote. Mimi ndiye nilikuwa na lenzi. Nikamfungua mdomo, nikapiga picha ulimi. Madoa! Saba, ya kijivu. Nikatuma kwa daktari bila hata kumwangalia mbuzi kwa macho niliyopewa na Mungu. Daktari akajibu, "Kama ni hivyo, mtenge na wenzake. Maziwa yasiuzwe mpaka nifike."

Mama akamfunga mbuzi peke yake. Mwanambuzi akalia upande wa pili wa ua siku mbili. Na Wabera habari haihitaji bodaboda. Kufikia jioni wateja wa yule mama walikuwa wamejifunza njia nyingine za kupitia.

Daktari alipofika alimwosha mbuzi mdomo, akatazama, akatazama tena. Kisha akanigeukia. "Fundi, hebu nipe hiyo simu." Akatoa leso nyeupe mfukoni, akaipiga picha. Madoa saba. Mahali pale pale. Vumbi la shati langu lilikuwa limekwaruza plastiki, na mikwaruzo hiyo ndiyo nilikuwa nimeipeleka hospitali.

Sasa chekeni. Siku ile majirani walicheka mpaka mbuzi akashtuka. Ni mama mwenyewe ambaye hakucheka. Alibeba jerikeni la maziwa, akalimwaga mchangani, akaingia ndani.

Na mimi nikaingia kwangu. Miezi mitatu. Nilichemsha chai nikasahau kuinywa. Kitanda mpaka mlango hatua tano, mlango mpaka kitanda hatua tano. Watoto wakipita, "Daktari wa Madoa!" Hilo nililizoea. Sikuweza kuzoea sauti ya mama kila asubuhi akipita akiita "Maziwa! Maziwa!", na hakuna mlango unaofunguka. Nilikuwa naziba masikio kwa mto. Mtu mzima, ndugu zangu.

Kisha asubuhi moja mlango ukagongwa kama na polisi.

"Fundi, fungua. Mwanambuzi jicho imefura. Daktari ako Oldonyiro, anasema anataka picha. Lete hiyo kitu yako."

"Mama, hata mimi siiamini."

"Nani amekuambia mimi naiamini? Ndio maana nimekuja na kitambaa."

Alikuwa ameshika kitambaa cheupe cha kuchujia maziwa. Tukakipiga picha kwanza. Madoa yalikuwa pale, yananisalimia. Akaigeuzageuza lenzi kwa vidole. "Na mbona inakaa uchi hivi? Mimi hata sufuria ya maziwa nafunika."

Kumbe dawa ya mikwaruzo ni kufunika, nami miezi mitatu nilikuwa nawaza dawa ya meno iliyo bora zaidi! Nikachukua kipande kipya, nikakizamisha ndani ya kifuniko cha chupa ya soda nilichotoboa, chini ya ukingo, mahali ambapo pindo la shati halifiki. Ndani nikapaka masizi ya sufuria yake, ili jua lisiruke huku na huku. Kifuniko cha pili kikawa mfuniko. Tukapiga picha kitambaa: cheupe pe! Tukapiga picha jicho: mwiba wa mgunga, umejificha chini ya kope, unaonekana mpaka ncha.

Daktari alipoiona aliacha kazi nyingine akaja siku hiyo hiyo, akautoa. Jicho likapona. Na yule mama alizunguka na simu yangu nyumba hadi nyumba, akiwaonyesha wateja kitambaa kwanza, kisha mwiba. "Angalia. Sasa iko safi. Leta chupa." Wakaleta.

Namshukuru daktari ambaye hakunifokea. Namshukuru dada yangu kwa vijiko vipya, ambavyo nimekatazwa kuvigusa. Nawashukuru nyinyi kwa kuniwekea kiti hapa wiki zote ambazo sikuja. Ninachoweza kuwapa ni hiki: kabla hujatangaza doa la mwenzako, piga picha kitambaa cheupe kwanza.

Nilidhani mama naye angenipongeza. Siku mwiba ulipotoka nilisimama uani kwake nikingoja sifa. Aliniangalia nywele, akaniangalia ndevu zilizokua ovyo, akasema, "Wewe unaona mwiba kwa jicho ya mbuzi, lakini mlango yako mwenyewe hukuiona miezi tatu."