Method Makarius, Aliyeandika Nani Alimshinda Nani

Marehemu Method Makarius alizaliwa hapa Majimoto tarehe 14 Machi 1994, mtoto wa pili wa mzee Makarius, aliyekwisha kututangulia, na mama Tereza. Mama anasema hakulia alipozaliwa. Alikodoa macho tu, akiangalia nani kaingia na nani katoka, na tabia hiyo hakuiacha.

Alisoma shule ya msingi hapahapa, akamaliza kidato cha nne Mpanda mjini mwaka 2012. Hakufaulu vizuri. Wasifu huu hautamwongopea, maana yeye hakumwongopea mtu.

Alikuwa fundi simu mtaa wa Makanyagio, Mpanda mjini, jirani na kibanda cha gemu cha Kasimu. Hapo ndipo alipopata kazi ya moyo wake. Ipo tovuti ya mashabiki wa magemu ya kupigana, ambayo mtu yeyote anaweza kuiandika na kuisahihisha. Ilikuwa na ukurasa wa Dar es Salaam na wa Mwanza, lakini Katavi haikuwa na hata mstari. Method akaanzisha wetu. Alifuata mashindano kwa bodaboda mpaka Kasokola na huku Majimoto, akaandika nani alicheza, nani alishinda na kwa mtindo gani. Wengi wenu mnaolia hapa mlimwita mwandishi wa habari za watoto. Alicheka, kisha akaandika pia kwamba Method Makarius alifungwa na mwanafunzi wa darasa la sita aliyekuwa anakula muwa.

Tarehe 8 Juni 2019 alifunga ndoa na Monika, wakajaliwa binti, Lucia. Monika anasema mchumba huyu aliahirisha kujitambulisha ukweni kwa sababu ya fainali. Alimsamehe siku hiyohiyo.

Fainali iliyomtesa ilikuwa ya Sabasaba 2023, kibandani kwa Kasimu. Nashon, bingwa wa Makanyagio na rafiki yake wa kufa na kuzikana, alifungwa na Nyanzala, binti wa wafugaji wa hapa Majimoto. Kibanda kizima kiliona. Sheria ya pale ni kwamba anayefungwa anaachia pedi ya kuchezea, ashike mwingine. Nashon aliitupa ukutani. Kesho yake alikuja kwenye meza ya fundi.

“Mwanangu, andika nimeshinda mimi. Nani atatoka huko Dar aje kuhakikisha Mpanda?”

“Mimi nilikuwepo,” Method alimjibu.

Mwaka 2024 figo zilianza kumsumbua, na Januari 2025 alilazwa mjini Mpanda. Ndipo Nashon alipoingia kwenye ule ukurasa, akafuta jina la Nyanzala, akaweka lake. Kikulacho ki nguoni mwako. Method aliurudisha ukweli akiwa kitandani, Nashon akaufuta tena, na jioni akaja kumwona mgonjwa na mfuko wa machungwa. Baba mdogo Alois alichoka kuona vidole vilivyovimba vikibonyeza.

“Mgonjwa gani huyu anahangaika na magemu? Nyie, leteni hiyo simu, apumzike.”

Simu ikachukuliwa. Method aliiomba mpaka sauti ikamwishia. Alifariki tarehe 2 Februari 2025, ukurasa wake ukisema uongo, na hilo linauma kuliko kifo chenyewe.

Ukurasa huo unasema uongo hadi leo. Nashon amebeba jeneza, amevaa miwani nyeusi. Nyanzala, aliyeshinda, yuko kule nyuma anachambua mchele wenu. Eufrazia, dada wa marehemu, anayewasomea haya, hajui kusahihisha tovuti. Lakini ratiba hii ya mazishi imepigwa chapa, kila mmoja anayo mkononi, na haifutiki: Fainali ya Mpanda, 7 Julai 2023, mshindi ni Nyanzala. Anayefungwa anaachia pedi. Nashon aachie na jeneza, wabebe wengine.

Marehemu ameacha mama, mjane, binti mmoja, dada, na baba mdogo Alois, ambaye ile simu bado iko mfukoni mwake. Alisema apumzike. Haya, Baba mdogo, amepumzika. Amani mliyomnyima, Mungu ampe.